Kuusaka urojo mtamu kuliko wote mjini Unguja

Mwaka niliorudi Unguja baada ya kukaa Dar es Salaam miaka minane, nilishuka botini, nikapeleka mizigo nyumbani, na kabla sijafungua begi nikatoka kwenda kula urojo. Nikala bakuli zima. Haukuwa mbaya, lakini haukuwa ule. Bi mkubwa aliyekuwa akituuzia Kikwajuni tukitoka chuoni kusoma Kurani, mimi na dada yangu, alikwishaacha biashara, na hakuna aliyeurithi mkono wake. Basi nikaanza kuzunguka. Nimeonja vibaraza kumi na vinne, baadhi yake mara tatu na nne, na katika kuzunguka nimejifunza namna ya kutafuta ambayo naamini itamfaa mwenyeji na mgeni wa wiki mbili pia.

Kwa asiyeujua: urojo, ambao Dar wanauita mix, ni bakuli la rojo ya manjano iliyo moto na yenye uchachu. Ndani yake mna mbatata za kuchemsha, bajia (wengi wetu hapa tunasema badia), kachori, mara nyingi mishkaki na yai, na juu hutiwa chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Bajia, kachori na chatne zimetufikia kutoka Bara Hindi pamoja na majina yake. Rojo ndiyo iliyokipa chakula hiki jina, na mwongozo huu wote nimeujenga juu ya rojo. Mtu akikusifia urojo wa mahali kwa sababu ya mishkaki yake, amekuonesha muuza mishkaki, tena huenda ni hodari. Urojo bado hujauona.

1. Andika kwanza ule unaoukumbuka

Usitoke nyumbani bila kufanya hivi. Kaa na kalamu, jiulize: urojo niliokulia ulikuwa mzito au mwepesi? Uchachu wake ulikuwa wa embe, wa ukwaju au wa ndimu? Bajia zilikuwa za dengu, laini na zenye rangi, au za kunde, nzito na zenye chengachenga? Pilipili ilitiwa na muuzaji au ulijitilia mwenyewe?

Mimi na dada yangu tulibishana jioni nzima. Yeye alishikilia kwamba rojo ya Kikwajuni ilikuwa nzito ya kushika kijiko, mimi naikumbuka nyepesi ya kunyweka bakulini. Tukaja kugundua kwamba yeye alikuwa akitumwa mapema na mimi nilikuwa nikitumwa mwisho. Rojo inayokaa jikoni huzidi kuwa nzito, halafu muuzaji huilegeza kwa maji ya moto. Sote wawili tulikuwa tukisema kweli. Bila kulijua hilo, kila mmoja wetu angelitafuta kitu chake na kumwona mwenzake hana ulimi.

Kama wewe ni mgeni na huna kumbukumbu yoyote, kula mabakuli matatu ya mitaa mitatu tofauti kabla hujaanza kuhukumu. Hayo matatu yasihesabiwe.

2. Chagua majira na saa

Embe ndiyo inayotawala. Msimu mkubwa wa maembe Unguja ni kuanzia mwisho wa mwaka kwenda mwanzo wa mwaka mpya, na kabla hazijaiva ndipo embe mbichi zinapojaa sokoni Darajani na rojo kuwa na harufu yake ya asili. Nje ya msimu wapishi wengi huegemea ukwaju au ndimu. Wote wanaweza kupika vizuri, lakini usimpime wa Disemba na wa Aprili kwa mizani moja. Ukianza kutafuta, malizia ndani ya mwezi huo huo.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, urojo unapendeza mno. Mvua inapiga mabati, umejibanza chini ya turubali na bakuli linafuka moshi. Nakuonya tu kwamba katika hali hiyo kila urojo ni mtamu. Rudi siku ya jua uhakikishe.

Saa nzuri ni baada ya alasiri, kuanzia saa kumi hivi mpaka magharibi. Mwezi wa Ramadhani hakuna kula hadharani mchana. Wauzaji hutoka jioni, watu huchukua vya kwenda kufuturia nyumbani, na foleni ni ndefu kiasi kwamba muuzaji hana nafasi ya kuzungumza na wewe. Mimi Ramadhani nala, sipimi.

3. Waulize wanaokula pale pale kila siku

Ukimuuliza mtu "wapi kuna urojo mzuri?", atakutajia jina alilolisikia. Muulize hivi: "Wewe mara ya mwisho umekula wapi?" Jibu litakuwa jingine kabisa. Walionisaidia zaidi ni makondakta wa daladala, mafundi cherehani wa Mlandege, wauza samaki wa Darajani wakati wanafunga meza, na wanafunzi wenye sare. Wanafunzi hasa. Wana pesa kidogo na hawasamehe.

Ukipata majina kumi, yapange kwa njia ya miguu. Mji wetu umegawika vizuri kwa kazi hii. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, inapita pale palipokuwa na mkono wa bahari, na ndiyo maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Jioni moja shika Mji Mkongwe: Malindi, Mkunazini, Shangani, Vuga. Jioni ya pili Darajani na Mlandege. Ya tatu Michenzani mpaka Kisonge, ya nne Kikwajuni na Kisiwandui. Kisha panda daladala uende Jang'ombe, Magomeni, Mpendae na Mwanakwerekwe, ambako wageni hawafiki na bei huwa nafuu.

Forodhani nakushauri uiweke mwisho. Bustani ile imependeza tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2009, na kukaa pale usiku na upepo wa bahari ni raha ambayo simkatazi mtu. Ila muuzaji wa pale anapika kwa ulimi wa kila taifa, na uchachu ndio kitu cha kwanza anachokipunguza. Mikahawa ya kitalii ya Mji Mkongwe iko hivyo hivyo: bakuli safi, kiti kizuri, rojo iliyopoa ladha. Nimekuta mmoja tu ulionishangaza, na mpishi wake alikuwa amewahi kuuza kwenye kibaraza.

4. Simama utazame kabla hujaagiza

Dakika tano zinatosha. Tazama ndoo ya kuoshea mabakuli kwanza. Maji yakiwa meusi na hayabadilishwi, ondoka, hata kama foleni imefika barabarani. Kwenye usafi sina alama za kutoa, ni mlango: ama unapita au hupiti. Mji huu unajua kipindupindu ni nini.

Tazama sufuria. Je, iko juu ya moto au imewekwa kando? Rojo lazima iwe inachemka taratibu muda wote. Tazama mabakuli yanayorudi: yamekwanguliwa au yamebaki na rojo nusu? Mtu akila vitu akaacha rojo, huo ni ushahidi mzito.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni mtoto aliyetumwa na chombo kutoka nyumbani. Mama akimtuma mtoto na bakuli la mfuniko, akapita vibaraza viwili njiani asisimame, akafika cha tatu, basi mtaa umekwisha kuhukumu. Nilimfuata kijana mmoja hivyo Jang'ombe, na nikapata kibaraza ambacho hakuna aliyekuwa amenitajia.

5. Omba rojo tupu

Hapa ndipo kazi ilipo. Salimia vizuri, kisha sema: "Bi mkubwa, naomba unionjeshe rojo tupu kidogo, kisha unitilie bakuli." Hakuna aliyewahi kuninyima. Wengine hufurahi kabisa, kwa sababu rojo ndiyo iliyowaamsha mapema.

Ili ujue unachokionja, jua inavyopikwa. Unga wa ngano hukorogwa na maji baridi mpaka usiwe na madonge, wengine huchanganya na unga wa dengu kidogo. Maji yenye chumvi, manjano na embe mbichi zilizochemshwa na kupondwa yanakuwa tayari jikoni. Unga ule unamiminwa humo huku mwiko ukizunguka bila kusimama, kisha unaachwa uive. Kuiva ndiyo siri. Rojo inaonekana nzito mapema, na mpishi mwenye haraka anaridhika hapo hapo. Lakini unga bado mbichi, na ulimi utakwambia: unahisi utando juu ya ulimi, kama uliyelamba karatasi, na ladha ya gundi inayokuja baada ya kumeza. Rojo iliyoiva haina hiyo. Inateleza, inaondoka, inaacha uchachu.

Onja mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mara ya kwanza tafuta unga, kama nilivyosema. Geuza kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki kidogo halafu ukajifunga taratibu, uzito ni sawa. Usipojifunga kabisa, imekuwa uji wa mgonjwa. Ukijifunga hapo hapo, ni maji ya manjano.

Mara ya pili tafuta uchachu. Uchachu wa embe unakuja na harufu, unakaa pembeni mwa ulimi na kukufanya umeze mate tena. Wa ukwaju una giza, rangi ya rojo huelekea udongo, na una utamu kwa mbali. Wa ndimu unapiga mbele, mkali, na ukipikwa muda mrefu unageuka uchungu. Mpishi hodari wa ndimu huikamua mwishoni, au hukupa kipande ukamue mwenyewe. Ukisikia uchungu nyuma ya koo, ndimu ilichemshwa.

Mara ya tatu tafuta chumvi na manjano. Manjano yakizidi, rojo ina ladha ya dawa. Rangi ikiwa kali mno lakini ladha ya manjano haipo, umetiliwa rangi ya chakula, na mimi hapo hufunga daftari.

Nilipoionja rojo ya Jang'ombe nilisimama pale na kijiko mkononi. Ilikuwa na vipande vidogo sana vya embe ambavyo havikupondeka, kila kimoja kikipasuka chini ya jino na kutoa uchachu upya. Nilikuwa nimevisahau vipande vile kwa miaka minane. Bi mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, kuna kitu?" Nikamwambia hakuna kitu, nitilie bakuli.

6. Sasa bakuli zima, na mpangilio wake

Atakuuliza, "Nikutilie zote?" Mara ya kwanza itikia. Lakini pilipili omba pembeni kila mahali, kila siku. Pilipili ikishapanda, huwezi kupima kitu kingine chochote, na rojo dhaifu hujificha nyuma yake.

Tazama mkono unavyopanga. Mbatata chini, kisha bajia na kachori zilizokatwa, rojo inamiminwa kwa upawa, halafu nyama na yai, chatne, na mwisho kabisa chipsi za muhogo. Muhogo ukitangulia chini ya rojo, ukifika mezani umekwisha kulainika, na ule mlio wake mdomoni ni nusu ya raha. Mtu anayeuweka mwisho, tena kwa kuuvunjavunja mkononi juu ya bakuli, anajua anachokifanya.

Kachori ivunje, utazame ndani. Mbatata ya ndani iwe na ndimu na pilipili yake yenyewe, isiwe mbatata tupu iliyovishwa unga. Bajia iache humo dakika mbili: njema hunywa rojo na kubaki bajia, iliyolala tangu jana hugeuka matope. Chatne inuse kabla hujaichanganya. Nazi haistahimili joto letu, na chatne iliyosagwa asubuhi ikifika saa moja usiku huwa imeanza kuchacha, uchachu mwingine kabisa, wenye harufu. Nyama sina mengi. Ikiwa imechomwa mkaani, moshi wake unaingia katika rojo na ni vizuri. Ikiwa ya kukaanga, nasema isitiwe.

7. Daftari

Alama zangu ni ishirini. Rojo kumi. Bajia na kachori nne. Chatne na pilipili tatu. Chipsi za muhogo mbili. Nyama na yai moja. Wewe unaweza kuzigawa utakavyo, ila rojo isipungue nusu.

Andika pale pale, kabla hujanyanyuka. Ukisema utaandika ukifika nyumbani, cha mwisho kitakuwa kimekifuta cha kwanza. Andika pia saa, hali ya hewa na kama ulikuwa na njaa. Nilikipa kibaraza kimoja alama kumi na nane siku niliyokuwa nimefunga sunna na kufungua kwa bakuli lile. Niliporudi nimeshiba kidogo, kikapata kumi na mbili. Daftari likanionesha kosa langu, kwa sababu nilikuwa nimeandika "nimefunga" pembeni.

Mabakuli mawili kwa jioni yanatosha, matatu ni mwisho. Omba nusu bakuli, wengi hukubali. Baina ya moja na jingine tembea, kunywa maji, usile kitu kitamu.

8. Rudi saa ya mwisho

Vibaraza vilivyopata zaidi ya alama kumi na tano virudie, mara hii karibu na kufunga. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Maji yameongezwa mara tatu, embe imezama, muhogo umebaki unga. Kati ya vitano nilivyovirudia, vitatu vilishuka vibaya. Viwili vilisimama: kile cha Jang'ombe na kimoja cha Mkunazini. Wa Mkunazini alikuwa na sufuria mbili, kubwa na ndogo, na alipika ndogo upya mara ya kwanza ilipoisha, badala ya kuirefusha kwa maji. Mtu wa namna hiyo mheshimu.

9. Pambano la chupa mbili

Ukibaki na wawili, mguu hautakusaidia tena, kwa sababu ukifika kwa wa pili ladha ya wa kwanza imekwisha ondoka. Nilifanya hivi. Nilichukua chupa mbili za chai zenye mdomo mpana, nikazisuuza kwa maji ya moto, nikanunua rojo kila mahali na vitu vyake mbali mbali katika vibakuli vya mfuniko. Mifuko ya plastiki ni marufuku hapa, hivyo chombo uende nacho. Bodaboda ikanifikisha nyumbani ndani ya nusu saa, rojo bado inachoma.

Tukapanga mabakuli manne yanayofanana, mawili mawili. Mke wangu alimimina akijua kipi ni kipi, mimi na dada yangu tukiwa chumba cha pili. Tukala bila kusema neno, kila mtu akaandika kwenye karatasi yake. Karatasi zilipofunguliwa, mimi nilikuwa nimeuchagua wa Jang'ombe, kwa sababu ya vile vipande vya embe. Dada yangu alichagua wa Mkunazini. Ulikuwa mzito, unashika kijiko.

Kwa hiyo tuna viwili. Alhamisi tunakwenda kwake, Jumatatu kwangu. Ukitaka kufika Jang'ombe, fika kabla ya saa kumi na moja na nusu na uwe na pesa ndogo ndogo, maana chenji hana, na adhana ya magharibi ikilia sufuria huwa imekwisha pinduliwa.